Nishushie Ufunguo

Mchungaji alipotangaza kwamba sasa tutasikiliza wimbo wa marehemu, Mama Abbas akaanza kuitafuta fimbo yake chini ya kiti. Nilijua anataka kutoka nje. Ilikuwa Muharram, na kwa Mashia waliotoka Tanga wakahamia Toronto, sawa na wenzao waliobaki kule, Muharram na Safar ni miezi ya msiba: nguo nyeusi, harusi hakuna, na penye muziki hapakaliki. Alikuwa amekuja Markham kumuaga Gitau, akakaa kando yangu tangu mwanzo akisikiliza hotuba moja baada ya nyingine. Kwaya haikuwepo, Gitau mwenyewe alikuwa ameikataza kwa maandishi, maana maisha yake yote aliamini kwamba kwaya za msibani zinaimba kana kwamba marehemu amechelewa gari. Nilimshika Mama kiwiko nimsaidie. Akasimama nusu, akabaki hivyo, mkono juu ya fimbo, macho kwenye picha iliyokuwa mbele ya ukumbi. Gitau wa kwenye picha ile ana kofia pana ya wachunga ng'ombe, amecheka mpaka magego, na begani ana gitaa. Niliipiga mimi, mwaka ule. Habari za kwetu Moshi na za safari yangu ya kuja Kanada nitaziacha, kwa sababu kila nikijaribu kueleza mimi ni nani naona naanzia kwenye mwaka ule, na kwenye chumba kimoja cha chini katika ghorofa la kupanga huko Flemingdon Park.

Kilikuwa chumba cha sherehe cha wapangaji. Zulia lake la kijani lilinuka keki za watoto na maji ya mvua, na dirishani uliona miti ya bonde la Don ikishuka mpaka isipoonekana tena. Tulikuwa watatu na bendi tuliiita Bondeni kwa sababu ya dirisha hilo. Gitau alitoka Nyandarua, Kenya, ambako, kama hukujua, watu wanapenda muziki wa kantri kuliko wazungu wenyewe. Alikua akiusikiliza redioni kila Jumapili huku akikamua ng'ombe, na Toronto aliendesha gari la kupeleka mikate. Abbas alikuja Kanada akiwa mtoto, akasomea hapa, akaangukia kwenye roki. Alipiga dramu, na siku za kazi alikuwa msaidizi kwenye duka la dawa. Mimi nilikuwa na besi niliyojifunzia kanisani, na koo lililopenda bluzi kabla sijajua kwamba linaitwa hivyo. Ukichanganya vitu hivyo vitatu unapata kelele tu, na kwa miezi ya mwanzo tulipata kelele hasa. Kisha mchana mmoja Gitau akapunguza mwendo, Abbas akamfuata kwa nyuma kidogo, kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyetaka kumharakisha, nami nikaingia katikati yao. Tukatazamana. Gitau akaenda nje kuvuta sigara peke yake.

Mama Abbas aliishi ghorofa ya tatu, juu ya chumba kile kabisa. Kengele ya mlango mkubwa wa jengo lao ilikuwa mbovu mwaka mzima, na mwenye nyumba alikuwa akisema fundi anakuja. Mama hakumsubiri fundi. Tanga alikuwa amekulia nyumba ya juu, na kule mchuuzi akipita mtu huteremsha kapu kwa kamba dirishani. Basi na Toronto aliteremsha ufunguo, ndani ya soksi ya marehemu mumewe, kutoka roshani mpaka chini ulipo. Wewe unasimama kwenye theluji, unapaza sauti, "Mama Abbas, shikamoo!" Roshani inafunguka, sauti inashuka kwanza, "Marahaba, nani wewe?" ilhali anakuona, kisha soksi inakuja ikiyumba. Gitau hakuwahi kujifunza shikamoo. Alisimama pale chini akaita, "Mathe! Tupa kifunguo, tunaganda huku!" Mama akamjibu kwamba mwana wa watu asiye na adabu acha agande kwanza. Lakini soksi ilikuwa imeshafika nusu ya njia.

Juu kulikuwa na chakula. Nimekula mahali pengi tangu wakati ule, na bado nikihuzunika harufu inayonijia ni ya jiko lile: kuku wa kupaka akichomwa kwenye oveni kwa sababu mkaa umekatazwa, mihogo ya nazi, na maandazi yenye iliki yaliyofunikwa kwa taulo la jikoni. Sisi tulikaa sakafuni sebuleni, kwa sababu kochi lilikuwa na mfuniko wa plastiki uliokuwa baridi kuliko barabara. Mama alikaa kando yetu na kusikiliza tukibishana habari za nyimbo, akiongeza chakula kwenye sahani ya kila mtu bila kuombwa. "Hayo makelele yenu, mimi siyasikii," alikuwa akisema, na Abbas akicheka, "Mama, uko juu ya kichwa chetu." "Siyasikii," alirudia. "Mungu ndiye anayesikia, atakuuliza wewe mwenyewe. Mimi nina miezi yangu tu." Miezi yake ilikuwa hiyo, Muharram na Safar na siku chache za mwezi unaofuata. Mwaka mzima Abbas angejibu mwenyewe mbele ya Mola wake, lakini katika miezi hiyo alikuwa amemwahidi mamake, siku alipozikwa babake, kwamba hatashika vijiti vya dramu. Vijiti vyenyewe alimkabidhi, naye aliviweka kabatini pamoja na masufuria makubwa. Nilidhani ni utani wa mama na mwanawe mpaka nilipouona uso wa Abbas siku alipotuambia. Alikuwa mtu wa mzaha, na siku hiyo hakutia mzaha.

Kiangazi kile tulizunguka. Hamilton, Barrie, Oshawa, na vijiji ambavyo majina yake siyakumbuki, kwenye maonyesho ya mavuno na kumbi za wazee waliowahi kwenda vitani. Mahali pamoja waliketi wanaume wenye kofia kama ya Gitau, mikono kifuani, wakatutazama kama watu waliokosea nyumba. Gitau akawaangalia, akanigeukia, "Neema, hawa ni watu wa Nyandarua kabisa, ni vile tu hawajaambiwa." Akaimba. Sauti yake haikuwa nzuri, nisimsifie kwa sababu amekufa. Ilikuwa na mikwaruzo na pengo katikati. Lakini alipofika kwenye lile pengo ulijikuta unaegemea mbele, ukitaka kumsaidia kuvuka. Wale wanaume walishusha mikono yao kifuani mmoja mmoja. Mzee mmoja akaja baadaye, akamshika Gitau bega, akaondoka.

Wimbo wenyewe ulizaliwa kwenye vuli. Ni habari ya mtu aliyesimama nje ya jengo wakati wa baridi, anamwita mwanamke aliye juu amshushie ufunguo, na ubeti kwa ubeti unaanza kuelewa kwamba aliye juu alishahama. Gitau aliuita "Nishushie Ufunguo." Abbas ndiye aliyeupa uti wa mgongo: kila mwisho wa mstari Gitau ananyamaza, na dramu peke yake inajibu, mapigo machache ya chini, kama mtu anayebisha hodi. Tuliurudia chumbani mle Jumamosi baada ya Jumamosi. Ulikuwa wimbo wa watu wawili kuulizana na kujibizana, mimi nilikuwa shahidi tu, na niliona wivu, kwa sababu nilijua katika maisha yangu sitapiga muziki na mtu namna ile. Tuliafikiana tuurekodi mwaka mpya ukiingia. Gitau alikuwa amekauka sauti. Tulisema ni mafua, tukasema ni sigara, Mama akamchemshia tangawizi.

Muharram ikaingia, vijiti vikaenda kabatini. Wiki hiyohiyo Gitau aliniomba nimsindikize hospitali, akasema ni ya kawaida. Tuliporudi tulikuwa ndani ya basi la Don Mills, viti vya nyuma, vioo vimejaa ukungu. "Ni saratani," akasema. "Kooni. Watatoa mahali sauti inatoka. Nitaishi, wamesema. Lakini kuongea, kuimba, hiyo imeisha." Nikamuuliza lini. Akanitajia siku, na nikaihesabu kichwani kabla sijalia: ilikuwa ndani ya Safar, kabla miezi ya Mama haijaisha. Nikasema tutamwambia Abbas leo. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usithubutu."

"Gitau, ni sauti yako!"

"Najua ni sauti yangu. Sasa skiza. Nikimwambia, atafanya nini?"

"Atakuja apige."

"Ehe. Aende kwa hilo kabati, avunje ahadi ya babake, apige, na tukimaliza arudi kwa mamake na hiyo kitu moyoni. Kwa ajili ya wimbo. Zii, hapana. Mimi siwezi kuimba nikiwa nimemkalia mtu hivyo." Nilimwita mjinga. Nilimwambia kwamba heshima yake hii itatuua sote, kwamba Abbas ana haki ya kuchagua mwenyewe. Akaniangalia tu kwa macho ya mtu ambaye tayari ameanza kuacha kusema. Nikaahidi. Watu wananiuliza kama najuta, na mimi nawajibu kwamba siri ile haikuwa yangu kuitoa. Ilikuwa ya koo lake. Ila niliwakasirikia wote wawili, yeye na Abbas asiyejua kitu, na hasira hiyo sijui kama imewahi kwisha.

Katika miezi hiyo Mama alipika zaidi kuliko kawaida, kwa sababu baada ya majlisi, vile vikao vya maombolezo, watu hula. Alituita mimi na Gitau jioni moja, Abbas akiwa bado msikitini akigawa chakula. Pilau, kachumbari, nyama iliyoiva mpaka inajiachia. Gitau alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna, akageuza uso ukutani kumeza, na niliona shingo yake ikipigana. Akarudia. Mara ya tatu Mama alinyanyuka, akamwondolea sahani, akaenda jikoni. Gitau akamfuata kuomba radhi. Mimi nilikuwa nimeshika birika kwenye korido, mlango uko wazi kidogo, na nikawasikia.

"Daktari umekwenda?"

"Nimeenda, Mathe."

"Kasemaje?"

Supu ilikuwa inachemka, mfuniko ukigonga sufuria. "Amesema ninywe supu yako," Gitau akasema.

"Abbas anajua?"

"Hakuna kitu ya kujua."

Nilipoingia, Gitau alikuwa amekalia stuli ndogo ya jikoni akinywa supu kwa kijiko kama mtoto aliyetoka kuugua, na Mama alikuwa amempa mgongo, anafuta mlango wa kabati ambao haukuwa na doa. Tangu siku hiyo kila Gitau alipofika palikuwa na supu iliyochujwa, na hapana aliyeuliza kwa nini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilidhani kata ni mimi peke yangu.

Tulirekodi Scarborough, kwenye studio ya mzee mmoja aitwaye Walter, nyuma ya duka la mazulia. Katika kazi ile dramu hutangulia. Ndiyo msingi, wengine wote hujenga juu yake. Walter alitazama mlango, akatuuliza dramu iko wapi. Gitau akasema itakuja baadaye. Walter akajitolea kumwita kijana wake apige, au kutuwekea mashine ya kupiga mapigo masikioni ili tusipotee mwendo. Gitau alikataa vyote. "Wewe acha nafasi yake tu," alisema. Akaimba akiwa amekaa. Ilikuwa mchana, jua la baridi limeingia kupitia dirisha dogo la juu na kuangukia viatu vyake. Kila alipofika mwisho wa mstari alinyamaza, akaweka kiganja juu ya nyuzi, akasubiri mapigo ambayo hayakuwepo, kichwa kikitikisika kidogo kuonyesha kwamba yeye anayasikia. Kisha akaendelea. Mahali pengine alisubiri muda mrefu kwa sababu pumzi haikutosha, mahali pengine mfupi. Nilipiga besi huku natazama shingo yake. Nilijua ninasikia sauti ambayo siku chache zijazo haitakuwepo duniani, na nilikuwa natakiwa nihesabu mapigo! Tulifanya mara moja tu. Walter hakuomba turudie.

Abbas aliambiwa na mke wa Gitau, siku ya upasuaji wenyewe, kwa simu. Alipofika hospitali alikuwa bado na shati lake jeusi la Safar na kitambulisho cha duka la dawa shingoni. Nilikuwa pale. Gitau alikuwa amefungwa bandeji, ana kijibao cha plastiki na kalamu kifuani. Abbas alisimama miguuni pa kitanda. "Kwa nini hukuniambia?" Kiswahili chake cha nyumbani kikamwishia, akarudia kwa Kiingereza, mara mbili, kwa sauti iliyomfanya muuguzi achungulie. Gitau aliandika polepole, akakigeuza kibao.

"Ungekuja."

Abbas alisoma neno hilo moja, akasoma tena, akatoka kwenye korido, na nilimkuta amekaa sakafuni ameegemea ukuta, analia waziwazi, watu wanapita na vitoroli vya chakula.

Miezi ilipokwisha Mama mwenyewe alifungua kabati, akampa vijiti. Tulikwenda Scarborough mimi na Abbas. Walter alimvisha vipokea sauti masikioni, akampigia wimbo. Abbas alisikiliza mpaka mwisho bila kushika kitu. Akaomba tena. Safari ya pili alinyanyua vijiti, mstari wa kwanza ukaisha, Gitau akanyamaza, na vijiti vikabaki juu. Mstari wa pili, hivyohivyo. Walter akasema anaweza kuusawazisha mwendo kwenye kompyuta, avute mapengo yalingane, iwe rahisi. Abbas akatikisa kichwa. "Hapa alikuwa ananisubiri," aliniambia. "Hapa pia. Alinisubiri, sikuja. Nikijiweka sasa, nitakuwa nasema nilikuwepo." Akavilaza vijiti juu ya dramu ya Walter, akaviacha palepale. Sijamwona akishika vingine. Besi yangu niliiuza mwaka uliofuata, na Bondeni ikabaki jina la dirisha.

Gitau aliishi. Alijifunza kusema kwa kifaa cha kubana shingoni, sauti ya mashine, akakitumia zaidi kunitania. Yeye na Abbas walihamia Markham wote wawili, mitaa michache tu baina yao, wakawa wanaonana kwa Mama siku za Idi, wakipishana mlangoni kwa adabu kubwa. Waliulizana habari za watoto. Wakati mwingine walikaa kochi moja kutazama mpira wa magongo wa barafuni, hawazungumzi, na mtu asiyewajua angesema hawa ni marafiki wasiohitaji maneno. Mimi nilijua. Kila mmoja alikuwa amemfanyia mwenzake jambo kubwa ambalo mwenzake hakuliomba, na maji yakimwagika hayazoleki. Moyo ndio uliomchukua Gitau, akiwa amelala mchana, koo halikuhusika. Mkewe alinipigia, akaniuliza kama bado nina ile sidii yenye wimbo. Nilikuwa nayo. Nilikuwa sijaifungua tangu kwa Walter.

Basi Mama alisimama nusu, fimbo mkononi. Abbas alikuwa upande wa pili wa ukumbi na mkewe, nguo nyeusi, na alijua kama nijuavyo mimi kwamba sasa hivi mamake atatoka, na kwamba yeye itampasa amfuate. Alishaanza kuvaa koti. Mama akainama sikioni kwangu.

"Mimi nilijua, Neema. Tangu siku ile ya supu. Nilijua ni ugonjwa gani. Mume wangu alianza hivyohivyo."

Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilijua."

"Wewe ulifungwa ulimi. Mimi nilikuwa na ufunguo wa kabati." Akainama zaidi. "Ningemwambia mwanangu, angeniomba vile vijiti, na mimi ningempa. Ndiyo maana sikumwambia."

Nilitaka kumjibu kwamba alikuwa anailinda ahadi ya marehemu, kwamba Gitau mwenyewe ndivyo alivyotaka. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa kitu. Gitaa likaanza. Mama akageukia mlango, akamtazama mwanawe aliyekuwa amesimama na koti begani, kisha akaketi, taratibu, akailaza fimbo chini. "Mungu ataniuliza mimi," alisema. Abbas naye akaketi, koti limevaliwa mkono mmoja.

Sauti ya Gitau ikaingia, ile yenye mikwaruzo, changa kuliko nilivyoikumbuka. Watoto wake, ambao hawakuwahi kuisikia, walitazamana. Mstari wa kwanza ukaisha, akanyamaza, na kwenye kimya kile nikahisi kitu juu ya paja langu. Ulikuwa mkono wa Mama, na pete zake, unapiga kwa ncha za vidole. Mapigo machache ya chini, kama mtu anayebisha hodi. Hayakuzidi wala hayakupungua. Mstari wa pili, tena, na pale Gitau alipokosa pumzi akachelewa, mkono nao ukachelewa, ukamngoja. Mama aliyekuwa hasikii makelele yetu alikuwa amekaa juu ya vichwa vyetu mwaka mzima, na aliyajua yote. Nilimtazama Abbas. Alikuwa ameuona mkono wa mamake, naye machozi yanamshuka bila kuyafuta, mikono yake mwenyewe ameikalia. Niliacha paja langu lipigwe. Wimbo ulipokwisha, vidole vya Mama vikaendelea kidogo, mapigo mawili matatu, mpaka alipotambua kwamba Gitau hataimba tena.